Karatasi ya Hisabati kidato cha nne ichapwe kwa lugha mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nichangie mjadala ambao huibuka kila Januari, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, kisha hupoa kabla Machi haijafika. Mjadala wenyewe ni ule wa Hisabati. Kwa miaka kadhaa mfululizo, karibu watahiniwa wanne katika kila watano walikuwa wakipata F katika somo hilo, na hata baada ya ahueni kidogo ya miaka ya karibuni, wanaofaulu bado ni kama mmoja katika kila wanne. Ikumbukwe pia kwamba kufaulu kunahesabiwa kuanzia alama 30 kati ya 100, ambayo ndiyo D. Tunawazungumzia basi vijana ambao, baada ya miaka 11 ya kukaa darasani na somo hilo hilo, hawakuweza kufikisha hata alama 30.

Nimefundisha Hisabati sekondari kwa miaka 29, sehemu kubwa ya miaka hiyo katika mkoa wa Tanga, hadi nilipostaafu. Nimesoma wanayoyasema wengine kuhusu jambo hili. Mmoja anasema wanafunzi wa siku hizi ni wavivu na simu zimewaharibu; mwingine anasema walimu ndio wavivu; wa tatu anasema hesabu ni kipaji, na asiyezaliwa nacho asihangaike. Siwezi kuwapinga kwa kila jambo, maana wanafunzi wavivu nimewafundisha, na walimu wazembe nimekaa nao ofisi moja. Ninachokiona mimi ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita kufeli Hisabati ni kushindwa kulielewa swali, na kwamba ipo hatua moja, ndogo na ya gharama nafuu, ambayo hatujawahi kuichukua: kuchapa karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne kwa Kiswahili na Kiingereza, sambamba, ukurasa mmoja lugha hii na ukurasa unaoukabili lugha ile, na kumruhusu mtahiniwa ajibu kwa lugha aipendayo.

Nianze na jambo lililonitokea. Nilikuwa nafundisha kidato cha nne mada ya kutafuta faida kubwa zaidi kwa kutumia milinganyo ya alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko, mada ambayo kila mwalimu wa Hisabati anaijua kwa kuwa huwa na swali lake katika mtihani wa mwisho na huwa na maneno mengi kuliko namba. Nilitoa zoezi. Mwenye duka anataka kununua mahindi na maharage, fedha yake ina kikomo, ghala lake lina kikomo, na magunia ya mahindi anayoyataka ni “at least 20”. Binti mmoja, mwandiko wake mzuri, kazi yake safi, alichora grafu kwa rula, akatia kivuli, akapata jibu ambalo halikuwa na maana yoyote. Nikamwekea kosa. Wakati wa mapumziko akaja ofisini na daftari lake. “Mwalimu, hapa nimekosa wapi?”

Nikatazama. Alikuwa ameandika kwamba mahindi ni magunia 20 au pungufu. Baada ya hapo kila hatua ilikuwa sahihi kabisa. Alikuwa amelijibu vizuri swali ambalo sikuliuliza. Nikamwambia alisome lile sharti kwa sauti, akalisoma bila kukwama. Nikamuuliza maana yake. Akasema, “Least ni kidogo kabisa, mwalimu. Kwa hiyo anataka kidogo, mwisho ishirini.” Nikamwambia, sasa sikiliza: mwenye duka anataka magunia ya mahindi yasiyopungua ishirini. Sikumaliza. Alichukua kalamu mezani kwangu, akaigeuza ile alama, akabaki ameitazama. “Kumbe ndiyo hivyo tu?”

Ndiyo hivyo tu. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko tukio jingine lolote la kazi yangu. Tazama neno lenyewe: yasiyopungua. Kitenzi chetu kimeibeba alama ya hesabu ndani yake; na kinyume chake, yasiyozidi, kimeibeba ile nyingine. Mtoto aliyetumwa dukani na mama yake akiambiwa sukari isipungue nusu kilo na chenji isipungue mia tano ameshafanya milinganyo ya kidato cha nne akiwa na miaka saba. Tunamfikisha sekondari, tunamwondolea neno analolijua, tunampa maneno mawili ambayo, ukiyatafsiri moja moja, yanakupeleka kinyume, kisha tunaandika kwenye ripoti yake kwamba hesabu hazipandi.

Wasiofundisha huenda wasielewe ukubwa wa mpasuko huu, kwa hiyo naomba nieleze. Katika shule zetu za msingi za Serikali, Kiswahili ndicho kimekuwa lugha ya kufundishia tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Elimu ya Kujitegemea. Mtoto anajifunza Hisabati kwa lugha hiyo kwa miaka saba. Anaijua MAGAZIJUTO, yaani anajua kwamba mabano huanza, kisha kugawanya na kuzidisha, kisha kujumlisha na kutoa, na anaikariri kama wimbo. Anaijua KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, na KKS, yaani kigawo kikubwa cha shirika. Anajua kwamba katika sehemu, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Anazijua namba tasa, namba shufwa na namba witiri, na huku kwetu pwani watoto wengi huingia darasani wakiwa wameshalisikia neno witiri madrasa, maana ndiyo sala ya usiku yenye rakaa zisizogawanyika kwa mbili. Anajua sehemu guni. Hilo la guni, Mhariri, huwa linanifurahisha: washairi huliita guni shairi lililokosa arudhi, na mtu fulani aliyeandaa vitabu vya shule akaliazima neno hilo kwa sehemu ambayo kiasi chake kimezidi asili, kama vile 7/4. Aliyefanya hivyo alikuwa na sikio la lugha. Wanaosema Kiswahili hakina istilahi za Hisabati wafungue vitabu vya wadogo zao.

Sasa mtoto huyo anaingia kidato cha kwanza. Anapewa wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza, mara nyingi sita, na baada ya hapo maneno yote niliyoyataja yanafutwa. Kiasi na asili vina majina mapya. Witiri ina jina jipya. Hata KDS aliyokuwa akiitafuta usingizini anakutana nayo ubaoni imevaa herufi nyingine, na anadhani ni mada mpya. Nimewahi kuwa na wanafunzi wa kidato cha pili waliokuwa hawajagundua kwamba kile nilichokuwa nikiwafundisha kwa juma zima walikwisha kukijua tangu darasa la tano. Waligundua siku nilipochoka nikasema jina lake kwa Kiswahili, darasa likaguna kwa pamoja.

Saa ndiyo balaa zaidi. Basi limeondoka Tanga “8:00 a.m.”, safari ni ya saa tano, litafika lini? Mwanafunzi anajua kwamba hiyo ni saa mbili asubuhi, anajumlisha tano, anapata saa saba mchana, na kwa haki kabisa anaandika 7:00. Kosa. Amefikiri sawasawa, amejumlisha sawasawa, na amepata sifuri kwa sababu saa ya mtihani inaanza kuhesabu usiku wa manane na saa ya nyumbani kwao inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Cha kuchekesha ni kwamba ukimuuliza swali lile lile kwa kinyume, yaani ukimpa saa ya kuondoka na ya kufika akutafutie muda wa safari, atapata hata kama amezisoma saa zote mbili visivyo, kwa kuwa zote zimesogea kwa sita na tofauti haibadiliki. Basi mwalimu anayesahihisha haraka anaona mtoto amepata swali moja na kukosa pacha wake, anadhani alibahatisha lile la kwanza.

Nasema mwalimu anayesahihisha haraka nikijua ninachokisema. Tangu ada ilipoondolewa sekondari kuanzia Januari 2016, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, madarasa yamefurika. Mkondo wangu mmoja ulikuwa na wanafunzi 112. Ukiwapa maswali matano tu, hayo ni maswali 560. Ukilipa kila moja dakika moja, umetumia saa 9 na dakika 20 bila kunyanyua kichwa, na una mikondo mingine miwili. Kwa hiyo hatusomi hatua. Tunatazama jibu la mwisho, tunatia tiki au mkasi, tunageuza ukurasa. Yule binti wa magunia aligundulika kwa kuwa alikuja mwenyewe na daftari mkononi. Wangapi hawakuja?

Wengi hawakuja kwa sababu walituogopa, na hapa lazima niseme langu. Kwa miaka yangu ya mwanzo nilifundisha na fimbo ya mpera. Utaratibu ulikuwa ule ule nilioukuta: kila kosa, kiboko kimoja. Kanuni za mwaka 2002 zinaeleza kwamba viboko visizidi vinne (neno ni lile lile, visizidi), kwamba anayeadhibu ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kwamba adhabu iandikwe kitabuni. Sikumbuki kuona mtu akiandika viboko vya hesabu kitabuni. Tuliamini kwamba mtoto akiogopa atasoma.

Kilichonifanya niiweke chini ile fimbo si huruma, ningependa kusema ni huruma. Asubuhi moja nilikusanya madaftari ya kidato cha kwanza, na katika madaftari 23 nikakuta kwamba 3/4 kujumlisha 1/2 ni 4/6. Wameunganisha vya juu, wameunganisha vya chini. Kosa hilo ni la kawaida na kila mwalimu amelikuta, lakini haya 23 yalikuwa na hatua zile zile, na ufutio wa wino pale pale. Mmoja aliyeaminika kuwa anajua alifanya, waliobaki wakanakili kabla sijaingia. Sikuwa nimewafundisha kujumlisha sehemu; nilikuwa nimewafundisha kunakili kwa kasi. Mbaya zaidi, mtoto anayenakili huficha mahali anapokwama, na mwalimu wa Hisabati asiyejua mwanafunzi wake amekwama wapi ni kama fundi anayepiga misumari gizani.

Woga huo na lugha ni ndugu. Mwambie mtoto wa kidato cha kwanza asimame mbele ya wenzake 100 aeleze alivyopata jibu, na aeleze kwa Kiingereza. Ana hofu mbili: ya kukosea hesabu na ya kuchekwa kwa maneno. Wavulana wachache hujitosa. Wasichana, ambao wameshaambiwa nyumbani na hata ofisini kwetu kwamba hesabu ni za wanaume, huinamisha kichwa na kusema “Sijui, mwalimu”, na sisi tunaandika kwamba hajui. Katika shule kadhaa nimeona mwanafunzi akivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza Kiswahili. Yeye na mwenzake walikuwa wakielekezana hesabu.

Wapo watakaouliza kama watoto wetu kweli wanaziweza hesabu kwa Kiswahili. Mwaka 2007, katika upimaji wa SACMEQ wa wanafunzi wa darasa la sita katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, wetu wa Tanzania Bara walipimwa kwa Kiswahili, na wastani wao wa Hisabati ulivuka 550 wakati kiwango cha kulinganishia kilikuwa 500. Ni Mauritius na Kenya tu zilizotutangulia. Sitaki kuigeuza takwimu hiyo kuwa hirizi. Tafiti za Uwezo zilizoanza nchini mwaka 2010 zilionyesha watoto wengi wa darasa la tatu wakishindwa hesabu za kiwango cha darasa la pili, na walikuwa wakiulizwa kwa Kiswahili. Lugha haimfundishi mtu ambaye hakufundishwa. Lakini ninawazungumzia wale waliofundishwa, wakaelewa, kisha wakanyang'anywa walichokielewa.

Jumamosi moja nilikwenda gulioni kununua nazi, nikamkuta muuzaji ni mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, mmoja wa wale waliokuwa wakipata sifuri bila kukosa. Nazi moja ilikuwa shilingi 800. Nikasema nataka saba. “Mbili elfu moja mia sita, nne elfu tatu mia mbili, sita elfu nne mia nane, na hiyo moja, elfu tano mia sita, mwalimu.” Nikampa noti ya elfu kumi. Akaniwekea mkononi mia nne, akasema elfu sita hiyo, kisha akaongeza elfu nne, akasema na kumi hiyo. Hakuandika popote. Jumatatu nikampa ubaoni 800 mara 7, kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Akasimama na chaki.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba watafiti huko Recife, Brazil, waliandika jambo hilo hilo mwaka 1985. Waliwafuata watoto watano wauzaji wa mitaani, wakawauliza hesabu kama wateja, na watoto wakapata asilimia 98. Hesabu hizo hizo zilipoandikwa kwenye karatasi bila nazi wala mteja, wakapata asilimia 37. Mmoja wao, wa miaka 12, alikuwa akiuza nazi pia, na alihesabu bei ya nazi kumi kwa kukusanya tatu tatu, karibu kama yule wangu alivyokusanya mbili mbili. Wale wa Recife walipimwa kwa lugha yao wenyewe, na bado karatasi peke yake iliwashinda. Wetu tumewaongezea juu yake lugha ngeni.

Najua hoja za upande wa pili, na zina uzito. Kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, alisema Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1984. Kwamba chuo kikuu kinawasubiri kwa Kiingereza. Kwamba wazazi wanakitaka, na wenye uwezo wanakilipia katika shule binafsi tangu chekechea. Sipingi hata moja. Ndiyo maana siombi lugha ya kufundishia sekondari ibadilishwe. Ombi hilo limetolewa na wakubwa kuliko mimi: Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili ifikapo 1985, na halikutekelezwa, sera iliyozinduliwa Februari 2015 ikaufungua tena mlango wa Kiswahili kwa ngazi zote, mitaala mipya imeanza Januari 2024 na sekondari imebaki ilipokuwa. Miaka 40 na zaidi tunajadili kubadili yote au kutobadili chochote, na kila mwaka kundi jingine linaingia chumba cha mtihani.

Ninaloliomba mimi ni dogo. Kiingereza kibaki, kifundishwe, tena kifundishwe vizuri zaidi katika vipindi vyake na walimu wake. Ila somo la Hisabati lina mtihani wa kupima Hisabati. Mtoto akishindwa kujua maana ya maneno mawili asipoteze alama zote za swali zima, wakati kile swali linachopima anakijua.

Wala Baraza la Mitihani halitakuwa linaanza jambo geni. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hutungwa kila mwaka ukiwa na karatasi ya Hisabati ya Kiswahili kwa shule za Serikali, na karatasi hiyo hiyo kwa Kiingereza kwa shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Watu wa kutafsiri maswali ya hesabu kwa siri na kwa usahihi wapo, na wanaifanya kazi hiyo kila mwaka. Afrika Kusini nao humpa mtahiniwa wa matriki, mtihani wao wa kumaliza sekondari, karatasi ya Hisabati kwa Kiingereza na Kiafrikana. Ikiwa mtoto wa miaka 13 wa shule ya kulipia anastahili kusoma swali kwa lugha aliyofundishiwa, sioni ni kwa haki gani mwenzake wa shule ya kata, miaka minne baadaye, asiongezewe ile aliyoanza nayo.

Kuna mambo matatu ya utekelezaji ambayo nimeyafikiria. La kwanza ni istilahi. Kwa mada za msingi hakuna tatizo, lakini mada za juu kama vekta na matriksi zina majina yanayotofautiana kitabu hadi kitabu. Taasisi ya Elimu na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) wakae na walimu wanaofundisha, watoe orodha moja, na orodha hiyo ibandikwe mwishoni mwa kila kitabu cha kiada kuanzia kidato cha kwanza ili mtoto asiikute kwa mara ya kwanza chumba cha mtihani. La pili ni saa: karatasi ya Kiswahili iandike saa kwa mtindo wetu na ya Kiingereza kwa mtindo wao, na msahihishaji aambiwe hivyo kwa maandishi. La tatu, pale tafsiri mbili zitakapopishana, na zitapishana siku moja, msimamizi asiulizwe atoe maoni yake chumbani. Swali hilo lisahihishwe kwa tafsiri zote mbili, na alama apewe aliyefuata mojawapo kwa usahihi.

Kabla ya yote hayo, lipo moja ambalo halihitaji hata senti. Wizara iwaandikie wathibiti ubora wa shule waraka mfupi wa kuwaambia kwamba mwalimu wa Hisabati akieleza hatua kwa Kiswahili hajafanya kosa. Kwa sasa tunafundisha kwa Kiswahili mlango ukiwa umefungwa, na mgeni akiingia tunahamia Kiingereza katikati ya sentensi, wanafunzi wakitutazama kama watu walioshikwa na kitu cha wizi. Mara ya mwisho iliponitokea nilikuwa nimefika “yasiyopungua”. Niligeuka ubaoni nikaandika yale maneno mawili ya Kiingereza, na nilipogeuka tena, mikono yote iliyokuwa imenyooshwa ilikuwa imeshushwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga